Hakuna Msiba, Ni Mbio Tu

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nianze na lile ambalo ungeliuliza kwanza: ndiyo, bado nakimbia. Magoti yanalia kama bawaba za mlango mkuukuu, daktari ametikisa kichwa, wajukuu zako wameniitia kikao, na kesho alfajiri nitafunga raba zangu nitoke vilevile. Kama ulidhani kaburi lingekupa neno la mwisho katika ubishi wetu, basi hukumjua mwanao.

Unakumbuka ubishi huo ulivyoanza? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa nimepata kazi katika chumba cha pasi cha hoteli moja ya Malindi. Jua likichomoza, hoteli ilinitaka niwe nimesimama mbele ya mlima wa mashuka. Jioni wewe ulinitaka kisimani, kisha kinuni. Palipobaki katikati hapakutosha hata kukaa. Lakini nilikuwa nimekimbia sana shuleni, na mwili haukuwa umesahau. Nikawaza: kutoka kijijini kwetu hadi mjini, kupitia mtaa wa Barani, ni mwendo wa kutosha. Njia ya kazini ndiyo itakuwa uwanja wangu. Sitaiba saa ya mwajiri wala ya mama.

Nilichosahau ni kwamba kwetu mwanamke mzima hakimbii. Watoto hukimbia, mwizi hukimbia. Mwanamke aliyejifunga leso kiunoni akikata mbio alfajiri ana habari moja tu mdomoni. Asubuhi ile ya kwanza Mama Charo, jirani yetu, aliniona nikipita, akaangusha ndoo yake ya maji, akaweka mikono kichwani na kupiga ukemi. Sijafika barabarani, nyuma yangu kulikuwa na wanawake wanalia na wanaume wamebeba majembe ya kuchimba kaburi.

"Ni nani? Amefariki nani?"

"Hakuna aliyefariki. Nakimbia tu."

"Unakimbia nini?"

"Naenda kazini."

"Kwani kazi yenyewe inakimbia?"

Jioni nilikukuta umesimama mlangoni, umejifunga hando lako, sketi ya marinda ya kina mama wa kwetu, kana kwamba unakwenda barazani kwa mzee wa mtaa. Hukupandisha sauti. "Umewaliza watu bure," ulisema. "Sasa Mama Charo akilia siku ya kweli, nani atamwamini?" Kisha ukaongeza: "Na kama miguu hiyo inatosha kukimbia, inatosha kuleta ndoo ya pili."

"Nitaleta ndoo ya pili," nikasema, "na nitakimbia."

Nikafanya yote mawili, mama. Hilo hutalikana.

Kesho yake nilikusikia ukitoka kabla yangu. Nilidhani unakwenda shambani. Kumbe ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba, na nilipokuja nyuma nikaisikia sauti yako mbele yangu gizani: "Mwanangu atapita sasa hivi. Hakuna msiba. Ni wazimu tu." Ulifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, mpaka watu wakazoea. Uliniambia ni kwa ajili ya majirani wala si kwa ajili yangu, na ninaliandika kama ulivyolisema. Watoto waliliokota neno lako. Nikitokea tu, wanaruka kando ya njia: "Hakuna msiba!" Nami najibu, "Hakuna!" Fundi viatu wa Barani naye akalidaka. Nikawa mwanamke wa kwanza katika kijiji chetu kukimbia bila kuua mtu.

Kazini nako hawakuniacha. Msimamizi wetu, mtu wa tumbo na funguo nyingi, alinikuta najimwagia maji kwenye bomba la nyuma kabla ya kuvaa sare.

"Wewe Kadzo, hoteli hii haijaajiri farasi."

"Nimechelewa siku gani, bwana?"

Akafikiri. Akaziangalia funguo zake. "Sijasema umechelewa. Nimesema farasi."

Wenzangu wa pasi walicheka hadi mvuke ukawaingia kooni, na kwa mwezi mzima walinipokea kwa kulia kama punda. Hata hivyo, yalipofanywa mashindano ya mbio za wafanyakazi, ni msimamizi huyohuyo aliyenipa ruhusa nusu siku na kuja kunishangilia. Alinishinda askari jela mmoja tu, msichana wa bara mwenye miguu kama ya korongo. Nikaja nyumbani na zawadi ya mshindi wa pili: sufuria kubwa, la kupikia watu, ambalo nililibeba kichwani, na siku hiyo nilitembea.

Ulilizunguka. Ukaligonga kwa kidole. "Kumbe miguu hupika," ukasema. Ndiyo sifa pekee uliyowahi kuzipa mbio zangu, na hata hiyo uliipa sufuria.

Baada ya hapo hakuna matanga yaliyopita kijijini bila mtu kuja kuliazima. Waliokuwa wakinisema kwamba naita mauti kwa miguu walikuja kwa adabu, "Hodi, Mama Kadzo, tuna wageni wa hanga," nawe ulilitoa ukiangalia pembeni. Nilikuona ukitabasamu.

Kisha ukaugua, nasi tukakulaza hospitali mjini. Nilikuwa nikipitia kwako baada ya kazi, na kila mara uliniuliza, kwa sauti iliyozidi kupungua, kama nimekimbia. Nikisema ndiyo, ulisonya. Nikadhani ungesonya miaka mingi.

Siku ile kaka Katana alikuja hadi mlango wa nyuma wa hoteli, kofia mkononi. Nikajua. Nyumbani alikuwapo mama mdogo Sidi anangoja habari, na kijijini hakukuwa na simu. Katana alirudi kukaa na wewe. Mimi nikaweka pasi chini, nikakimbia.

Nilikimbia njia ileile, katika jua la mchana. Pale Barani fundi viatu akainua nyundo: "Leo mapema! Hakuna msiba?" Nikapita. Watoto wakaruka kando ya njia, "Hakuna msiba!" Nikapita. Mama, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikimbia kama mwanamke wa kwetu anavyokimbia, nimebeba habari ileile waliyoiogopa tangu mwanzo, na hakuna aliyejua. Wewe ulikuwa umewafundisha wasijue.

Mama Charo alikuwa anatoka kisimani. Akanichekea kwa mbali. "Hakuna msiba, mwanangu?"

Nikasimama.

Katika miaka yote ile sikuwahi kusimama njiani. Hakuniangalia usoni, aliiangalia miguu yangu. Akateremsha ndoo polepole, safari hii bila kumwaga hata tone, kisha akaweka mikono kichwani. Na walimwamini, mama. Uliniuliza siku ile nani atamwamini. Walimwamini wote.

Ulipikiwa katika sufuria lako. Na matanga yalipoanuliwa, alfajiri yake nilifunga raba. Mama mdogo akaketi kitandani. "Hata sasa, Kadzo?"

"Hasa sasa, mama mdogo."

Hapakuwa na wa kunitangulia. Nilijitangaza mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Shamba lile ulilolilima tangu usichana wako lilipata mwenyewe, mtu mwenye hati, nasi tukaambiwa ni maskwota, wavamizi, juu ya makaburi yetu. Nikahamia bara, na sasa nimeishi huku miaka mingi kuliko niliyoishi pwani. Huku kuna baridi, na wasichana wa mbio hunipita alfajiri kama kundi la swala. Huniita gogo, yaani bibi kwa lugha yao. Juzi mmoja alipunguza mwendo, akaniuliza, "Gogo, watu wa pwani nao hukimbia? Tunasikia nyinyi hulala tu."

"Nilikuwa nakimbia kabla mama yako hajazaliwa," nikamwambia, "tena nikifika napiga pasi hadi jioni. Ongeza mwendo, usinizibie njia."

Huku mwanamke akikimbia hakuna anayetoka nje. Hakuna anayeangusha ndoo, wala kuuliza amefariki nani. Hilo ndilo ninalolikosa kuliko bahari. Kwa hiyo nikifika kwenye nyumba ya kwanza ya mtaa huu, ambako hakuna anayeijua lugha ya kwetu, nalisema neno lako kwa sauti, nikapita.

Wana wa wanao wananiambia nipumzike, inatosha. Sitaki. Njia yetu ilinifundisha maana ya kusimama, na sitasimama ili kumpendeza daktari. Siku watakaponiona nimesimama barabarani, hapo ndipo waje na majembe.

Lala salama, mama. Na usisonye, nakusikia.

Mwanao,
yule wa ndoo mbili na mbio.