Baba Amelipa Wawili

Pauline, usipige simu. Bado niko ndani ya gari, nitalia mbele ya watu.

Ni Baba. Tumetoka Kitale tukienda Bungoma, safari yake ya kwanza tangu tuzike Mama. Alikataa kukaa na mimi. Akachukua kiti cha mbele yangu, na kile cha dirisha kando yake akawekelea kofia.

Konda akija, Baba akasema, "Wawili." Akalipa wawili! Mimi nilikuwa nimeshajilipia, nikadhani ni uzee.

Kufika Kiminini akaingia mama mmoja. Konda akasema, "Mzee, toa kofia, kiti ni ya watu."

Baba: "Nimelipa wawili."

"Na huyo mwingine ako wapi?"

Bana, Baba akageuka kuangalia dirishani. Akageuka kabisa, kama mtu anangoja huyo mwingine ajijibie. Watu wakacheka.

Na unajua mimi nilisema nini? Mimi, mtoto wake? "Baba, wacha kutuaibisha, toa kofia."

Akatoa. Akasimama, yule mama akapita, akakaa dirishani. Baba akamwomba msamaha, ati, "Nilikuwa nimesahau."

"Nilikuwa nimesahau," Pauline. Ndivyo alisema.

Halafu akatoa ndimu kwa koti. Si unakumbuka ndimu ya Mama, ya kunusa roho ikimchafuka kwa gari? Akampatia yule mama. "Shika, barabara iko na kona mingi."

Nilidhani ni ya zamani, ilibaki mfukoni.

Iko na jani bado. Ameichuma leo asubuhi.