Landrova ya Baba Imewaka Bila Mimi

Winnipeg, Kanada
Jumapili

Mdogo wangu Shija,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, na kama hujaniamkia, rudi uanze upya. Hamjambo hapo Misungwi? Goti la mama bado linamsumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Basi ninaloendesha linachomekwa kwenye umeme usiku kucha kama simu, vinginevyo asubuhi injini haigeuki. Nabeba watoto wa shule arobaini, nusu ya lugha zao sizijui, na barabara ni barafu tupu. Wiki iliyopita basi liliteleza likakaa kiubavu katikati ya njia. Hakuna aliyeumia.

Umeshangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwenye simu ningekupigia kelele.

Ile video nimeiona. Landrova ya baba inatoka bandani, kuku wanakimbia, wewe umetoa kiwiko dirishani kama mkuu wa wilaya, na majirani wanapiga vigelegele. Nimeitazama mara kumi na moja. Mara ya kwanza nililia kwa furaha. Mara kumi zilizobaki nilikuwa na wivu, Shija, wivu mtupu, wa kushindwa hata kumeza ugali. Mfilipino mmoja ninayefanya naye kazi akaniambia nifurahi, maana gari la baba limefufuka. Nikamwambia aniache.

Wewe huwezi kukumbuka, ulikuwa mdogo. Miaka ile baba alipokuwa anapeleka dagaa ng'ambo ya ziwa, foleni ya kivuko pale Kigongo iliweza kula siku nzima. Kivuko kikijaza na kuondoka, magari yanasogea kidogo, na hapo baba alikuwa ananiachia usukani. Hatua ishirini, simama. Tunasubiri kivuko kirudi, hatua ishirini tena. Ndivyo nilivyojifunza gari, kwa vipande vya foleni, nimekalia gunia lililokunjwa ili nione mbele. Nilijua kuachia klachi kabla sijajua gia ya pili iko wapi. Madereva wengine wakipiga honi, baba anatoa kichwa nje: "Dereva wangu huyo, msimharakishe!"

Halafu baba akafariki, na siku ya kumaliza msiba wazee wakagawa vitu vyake. Landrova wakakupa wewe, mtoto wa kiume, una miaka saba, unalilia baiskeli. Mimi nikapewa redio. Haishiki stesheni mpaka leo.

Gari likakaa bandani miaka ishirini. Nilipoondoka nilijiambia moyoni kwamba siku litakapowashwa, nitaliwasha mimi. Kumbe umeshamwita Makoye, fundi wa pikipiki, eti mjaribu bahati! Mkaosha tangi, mkatoa viota vya nyigu kwenye kabureta, mkafunga betri na plagi mpya. Ndipo ukanipigia: "Dada, moto upo, mafuta yapo, lakini inakohoa na kulia kama bunduki, haishiki. Wewe ndiye uliyekuwa unashinda na baba kwenye boneti. Hukumbuki kitu?"

Nikakujibu, "Sikumbuki, mdogo wangu. Zamani hiyo."

Nilikudanganya. Nilikumbuka vizuri sana. Distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, iliharibika siku moja tukiwa njiani, baba akairudishia ikiwa imegeuka, na tangu hapo waya za plagi hazikai kama kitabu kinavyosema. Kila waya imesogea nafasi moja. Ndiyo maana zilikuwa zimefungwa vipande vya kanga vyenye mafundo: fundo moja, mawili, matatu, manne. Makoye akaviona ni uchafu, akavikata akatupa, kisha akapanga waya kwa kufuata kitabu. Fundi wa watu hana kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyenyamaza wiki mbili mkihangaika, huku napika ninaimba. Nilitaka mkwame. Nilitaka mnisubiri.

Kisha ukanisimulia kilichofuata. Mama, ambaye hajawahi kushika usukani, akatoka jikoni na kuuliza, "Vitambaa vyangu mmevipeleka wapi?" Kumbe mafundo yale hakuyafunga baba. Aliyafunga yeye, kwa kanga yake mwenyewe, na alijua kila moja linakaa wapi. Akamwonyesha Makoye kwa mwiko: ya fundo moja hapa, upande wa betri, nyingine zifuate. Gari likawaka. Miaka yote nilidhani ile ni siri yangu na baba. Sasa nina wivu hata na mama, Mungu anisamehe. Na wewe nisamehe.

Jingine ni hili la kumvusha mama kwenye daraja jipya la pale Kigongo, aende Sengerema kwa mjomba. Uliponiambia, nilimpigia mama kwa siri nikamwomba msubiri hadi Julai, shule zikifungwa, nije niendeshe mimi. Akasema, "Kabula, kaka yangu anaumwa. Kivuko nimekisubiri ujana wangu wote. Leo daraja lipo, gari lipo, na goti bado linaweza kupanda. Unataka nikusubiri na wewe?"

Nilisema mtandao unakatika, nikakata.

Msalimie mkeo, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Makoye mpe salamu, umwambie siku nyingine asitupe kitambaa cha mtu bila kuuliza. Mjomba nampa pole, Mungu amwinue. Mama mpe shikamoo yangu, na kama amekwambia nilimpigia, mwambie nimeona aibu.

Basi nendeni, msinisubiri. Makoye akague breki kwanza, na wewe usikimbize gari kwa kuwa watu wanakutazama. Ila nina ombi, Shija, na mkeo akisema wifi yake ana roho mbaya, aseme tu. Mkifika Sengerema, liacheni gari uani kwa mjomba. Mrudi na basi. Julai nitakuja nilifuate mwenyewe, na utakaa kiti cha pembeni, na hutasema neno mpaka tumalize daraja. Miezi michache tu. Kwenda nimekuachia. Kurudi ni kwangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuonea kijicho kwa pamoja,

Kabula