Amina Isiyoitikiwa

Mwenzangu, mwambie mwalimu leo jioni siji kwenye darasa letu la watu wazima. Bado niko hospitali na mjukuu.

Daktari kalala! Amesimama wima, sindano mkononi, mbele ya mjukuu wangu. Kalala!

Unajua kichanga chetu kina homa tangu kizaliwe. Asubuhi hii daktari kaja kumchoma dawa, nikamwomba tusali kwanza. Akainamisha kichwa, akafumba macho. Moyo wangu ukasema, huyu ni mcha Mungu. Nikaomba kwa kirefu, si unanijua.

Nikasema amina. Kimya.

Nikasema amina tena, kwa nguvu. Akashtuka, akaitazama sindano. "Huyu nimeshamchoma?"

Eti nimeshamchoma! Ananiuliza mimi!

Nikamfunika mtoto kwa mikono yangu. Wifi yangu, ambaye ndiye muuguzi wa zamu, akanivuta pembeni. "Wifi, usituletee vurugu. Hajalala tangu juzi."

Kumbe alijua!

"Ningekwambia ungekataa, na daktari mwingine hakuna."

Huyo ni mjukuu wa kaka yake. Damu yake!

Daktari mwenyewe ndiye aliyeweka sindano chini. "Mama ana haki. Mwiteni mwenzangu." Na mwenzake akaja, bado anatafuna mkate. Alikuwa chumba cha pili, anakunywa chai.

Mtoto kachomwa, amelala salama, Mungu ashukuriwe. Daktari nimemsamehe, mwili una mwisho wake. Lakini wifi kapita hapa sasa hivi, kaninong'oneza: "Umeniaibisha kazini."

Mimi ndiye niliyemwaibisha yeye! Na jana tulishikana mikono, tukamwombea mtoto huyohuyo. Amina yake ilisikika hadi mlangoni.