Ukurasa Uliojibu Kabla ya Kuuliza

Karatu, Jumatano, Julai 2009. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi.

Nimekaa mezani nikiwa na koti zito, na chai imepoa mbele yangu. Baridi ya Julai naijua. Nimeishi nayo tangu nilipohamia hapa kutoka Kilimanjaro nikiwa mwalimu kijana. Leo natetemeka kwa jambo jingine.

Kwa kawaida ukurasa huu wa shajara yangu huutumia kukosoa Kiswahili cha magazeti na cha mabango ya hoteli. Leo sina bango la kukosoa. Nitaandika lililotokea, moja baada ya jingine, kwa sababu nikiliacha lizunguke kichwani siwezi kuliamini.

Mkwe wangu Deo, mume wa binti yangu mkubwa, hutengeneza programu za kompyuta. Hospitali moja ya misheni ilimpa kazi: zahanati za mbali ziweze kuomba gari la wagonjwa kwa mtandao badala ya kuita kwa redio. Zahanati zikawekewa dishi na umeme wa jua. Muuguzi anafungua ukurasa, anaandika hali ya mgonjwa, anabonyeza "Tuma", na ombi linasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu iliyoko hospitalini.

Shida ilikuwa kusubiri. Mtandao wa zahanati ya Malambo ni mzito. Siku nyingine ombi hujikokota, na muuguzi hubaki akitazama kiduara kinachozunguka. Programu ilikuwa imepangiwa muda wa kungoja; muda huo ukiisha kabla ya seva kujibu, ukurasa ulikata tamaa na kutoa maneno ya Kiingereza yasiyomsaidia mtu. Basi wauguzi wakawa wanabonyeza tena na tena. Safari moja ombi la mgonjwa mmoja lilifika mara mbili, madereva wawili wakaondoka, wakakutana huko mbele wakimgombea mgonjwa mmoja. Madereva walicheka. Uongozi wa hospitali haukucheka.

Deo akatafuta dawa. Aliondoa kiduara. Muuguzi akibonyeza tu, ukurasa unamjibu vizuri papo hapo, kumbe kazi yenyewe ya kutuma ndiyo kwanza inaanza nyuma yake. Seva ikichelewa, programu inajaribu tena yenyewe, kimyakimya. Wauguzi walifurahi. Tluway, dereva wa hospitali, mtu wa utani, alinisimamisha sokoni akaniambia, "Mwalimu, mashine ya mkweo ina adabu kuliko watoto wetu. Inaitika kabla haijaitwa."

Nilicheka. Sikufikiri.

Maneno yote ya ukurasa ule Deo aliniletea niyasahihishe. Kwa jibu la papo hapo alikuwa ameandika: "Tunajaribu kutuma ombi lako, huenda gari likaja." Nilimwambia kwamba hiyo ni sentensi ya mtu asiyejua anachosema. Nikaikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake: "Ombi lako limepokelewa. Gari linakuja." Sentensi mbili fupi, safi. Nilizipenda.

Alisita. Aliuliza kwa upole kama maneno yangu hayakuwa na uhakika mno. Nilimjibu kwamba lugha ya kazi haimung'unyi maneno. Mkwe habishani na mama mkwe. Aliinamisha kichwa, akaandika kama nilivyotaka.

Nilidhani maneno yale yangetokea baada ya hospitali kujibu. Sikuuliza. Naye, kwa heshima, hakunieleza.

Jana asubuhi, Malambo, mwanamke anayeitwa Namunyak alikuwa na uchungu wa uzazi wa tangu juzi yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nesi wa zahanati, Upendo, binti mtulivu wa Kipare, aliona kwamba kazi ile ni ya upasuaji. Akafungua ukurasa, akaandika, akabonyeza. Ukurasa ukamjibu bila kukawia: Ombi lako limepokelewa. Gari linakuja. Akamsomea baba mkwe wa mgonjwa, Mzee Lekishon. Kisha akazima kompyuta, maana kulikuwa na mawingu na betri haikuwa na nguvu, na alitaka kuihifadhi kwa ajili ya taa.

Hapo ndipo kila kitu kilipokatika. Ombi lilikuwa bado halijatoka Malambo. Programu ilikuwa inajaribu kwa mara ya kwanza, labda ya pili. Kompyuta ilipozimika, majaribio yalizimika nayo.

Hawakujua. Walimtoa Namunyak nje, wakamlaza kando ya barabara kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati, gari lisije likapoteza muda.

Likapita lori la ng'ombe likienda mnadani Mto wa Mbu. Dereva alisimama, akawashusha watu wake wawili wakakae nyuma na mifugo, akasema mama aingie mbele. Mzee Lekishon alikuwa tayari. Upendo akakataa. Alisema gari la hospitali lina kitanda na dripu, na kwamba limeshaondoka. Ndani ya lori mama angerushwarushwa. Alisema sawa kabisa kwa alichokuwa amekisoma. Lori likaondoka.

Jua lilipopinda aliwasha kompyuta na kuomba tena. Ukurasa ukamjibu palepale kwa sentensi zilezile mbili safi. Akaizima, akatulia tena.

Jioni gari la kambi ya watalii lilipita, na dereva wake hakuhitaji kuombwa mara mbili. Walifika hospitalini usiku. Madaktari walifanya walichoweza.

Namunyak yu hai. Mtoto hakuwa hai.

Haya yote niliyasikia leo asubuhi. Deo alikuja nyumbani kabla sijamaliza kufagia ua, uso umemshuka, akaniomba nimsindikize hospitalini kwa sababu ameitwa kueleza. Nilidhani ni mitambo imeharibika. Nilichukua kitenge changu na kumfuata, nikimnung'unikia njiani kwa kutonyoosha shati lake.

Ofisini kwa daktari mkuu, Deo alifungua kumbukumbu za seva. Kutoka Malambo hapakuwa na kitu. Ombi la asubuhi halikuwepo, na la mchana halikuwepo. Upendo, ambaye alikuja na mgonjwa wake na hakuwa amelala, aliitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Lakini si ilisema gari linakuja?"

Deo akaeleza. Aliposema kwamba jibu lile hutokea kabla seva haijasikia chochote, nilimkatiza. Nilimtaka arudie. Akarudia, huku akitazama sakafu. Daktari hakupaza sauti. Aliuliza tu ni nani aliyeidhinisha maneno yale, na Deo, Mungu amsamehe, akasema ni yeye.

Nilinyamaza. Naandika hili kwa aibu: nilinyamaza, nikatoka nje.

Nilikuwa nikikumbuka redio. Miaka ya nyuma, mume wangu alipokuwa mhasibu wa hospitali ileile, nilikuwa nikimngoja kwenye chumba cha redio. Malambo au Soitsambu wakiita, mtu wa redio alijibu "Nimekupata", yaani nimesikia, basi. Hakuna aliyesema gari linakuja mpaka dereva awe ameketi na injini inanguruma nje ya dirisha. Kati ya maneno hayo mawili kulikuwa na mwendo mrefu, na kila mtu aliyekuwa akisikiliza aliujua. Sisi wawili, mimi na mkwe wangu, tuliufuta.

Mzee Lekishon alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, fimbo kati ya magoti, shuka imemfunika mabega. Alinisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko." Akanisogezea nafasi. Tukaketi.

Aliniuliza kama mimi ni mtu wa hospitali. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, na kijana wa ile programu ni mkwe wangu. Akatikisa kichwa polepole. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililonivunja moyo zaidi. Alikuwa akitafuta jambo moja tu, kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea.

"Mama, mimi nauliza hawa tangu asubuhi, hawaniambii. Nani alisema gari inakuja?"

Nikamweleza kwamba ni kompyuta. Akaniambia kwamba amekwisha kuambiwa hivyo, na kwamba kompyuta haina mdomo. Yupo mtu aliyeyatia maneno ndani. Huyo ndiye anayemtaka.

Nimesimama mbele ya wakaguzi na wazazi wakali. Sijawahi kuogopa swali kama nilivyoliogopa lile.

Nilimwambia, "Ni mimi, mzee wangu. Maneno yale niliyaandika mimi."

Alinigeukia, akanitazama vizuri, miwani yangu, kitenge changu, viatu vyangu vyenye tope.

"Wewe ulikuwa umeiona hiyo gari?"

"Sikuiona."

"Kuna mtu alikuambia ameiona?"

"Hapana."

 Akaniambia kwamba Namunyak bado ana dawa ya usingizi na hajaambiwa kuhusu mtoto. Akiamka atauliza kwa nini walilikataa lori. Upendo anataka kulibeba kosa hilo yeye, lakini yule binti alisoma tu alichoandikiwa. "Kesho uje," akasema. "Umwambie wewe." Akasimama, akarudi wodini.

Nilirudi ofisini na kumwambia daktari ukweli, mbele ya Deo. Daktari ameamuru ukurasa ule ufungwe na zahanati zote zirudi kwenye redio mpaka programu irekebishwe.

Sasa Deo yuko sebuleni na kompyuta yake. Hatujazungumza sana. Amenionyesha anachotaka kufanya: ukurasa useme "Linatumwa" wakati ombi linatumwa, useme "Hospitali imesikia" pale tu seva ikijibu, na neno "gari" lisitokee mpaka dereva mwenyewe abonyeze kwamba ameondoka. Muda wa kungoja ukiisha bila jibu, muuguzi aambiwe waziwazi, kwa sauti ya kengele, kwamba haijulikani kama ombi limefika. Ombi likirudiwa, seva itambue kwamba ni lilelile, magari mawili yasitoke tena. Aliniomba nimpe maneno ya hapo penye kutojulikana.

Nilishika kalamu. Nikampa: "Hatujui kama ombi lako limefika. Ita kwa redio. Likipita gari lolote, mpakie mgonjwa."

Aliyasoma mara mbili. Nikamwambia kwamba safari hii, akiona kosa, abishane nami. Alisema, "Ndiyo, Mama," na sikujua kama ameahidi au ameitikia tu. Nilimtaka aniambie ni lipi. Akasema ameahidi.

Namunyak ataamka alfajiri. Watu husema kesho ni siku nyingine. Kwangu kesho ni siku hii hii ya leo, ikiendelea. Nimejaribu kupanga nitakachomwambia, na kila ninachopanga kinaanza na sababu. Hatataka sababu zangu. Nitakaa kando ya kitanda chake, nitamwambia kwamba gari halikuwepo, na kwamba mimi niliandika kuwa lipo. Kisha nitanyamaza, nimngoje ajibu, hata kama jibu lake litachelewa, hata kama halitakuja.