Kifungu cha Kumwondoa Kiongozi

Qom

Dada yangu Mahlagha,

Zafarani yako imefika, na wali wetu sasa unanukia hadi kwa jirani.

Kwenye kamati yetu ya kuandika katiba, mwenyekiti, baba wa mchumba wa binti yangu Ferdows, alijishusha kama ilivyo adabu yetu: "Mimi ni nani? Nikikosea, niondoeni."

Wote wakapinga, "Hasha, Sheikh wetu!"

Mimi nikasema, "Tuiandike iwe kifungu: kiongozi akidhulumu, baraza limwondoe."

"Sadegh, huna haya?"

"Kushauriana kumo ndani ya Qur'ani, Sheikh. Adabu za sebuleni hazimo."

Akataka nikifute, la sivyo uchumba uvunjike. Nikamuuliza Ferdows.

"Baba, nitaishije kwenye nyumba ambayo mkubwa wake haambiwi hapana?"

Pete tumeirudisha jana. Mwandikie umfariji, anacheka na kila mtu, lakini hali chakula.

Kaka yako,
Sadegh