Mpaka Basi Lipotee

Mpwa wangu Nagisa,

Siku ya mwisho ya likizo, mji mzima wa Beppu ulitoka kuniaga mimi, mjomba wako. Hata mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, mtu wa nywele za mafuta, aliinama barabarani, akapunga mkono mpaka basi letu likapotea. Mke wangu Kiyoe naye akageuka nyuma kumpungia, nusura shingo ivunjike.

“Huyo hupungia kila mgeni,” nikamwambia. “Ndiyo kazi yake.”

“Na yako ni ipi, bwana? Miaka ishirini hujanisindikiza hata mlangoni!”

Kwenye treni hadi kwetu Nagoya, Kiyoe alinigeuzia mgongo.

Leo alipokwenda kazini nilisimama nje, nikainama, nikapunga mpaka akafika konani. Usimwambie mama yako: Kiyoe hakugeuka. Aliyenipungia ni mzoa taka.

Mjomba wako shujaa,
Tetsuo