Safu Niliyoijenga Kando

Kaka mpendwa,

Mimi mzima, na paka wetu kazaa watatu. Ila leo nimechemka kwa hasira!

Safu ya namba za wagonjwa kwenye kompyuta za hospitali ninayofanyia kazi ilikuwa finyu, karibu ishindwe kupokea namba mpya. Wiki tatu nimehamishia namba kidogo kidogo kwenye safu pana kando yake, madaktari wakiendelea na kazi. Ikabaki kazi ya jioni moja. Leo bosi akasema, "Dada, unajikongoja!" Akaanza kuipanua ile safu ya zamani palepale, watu wakiitumia, saa nne asubuhi. Faili zote zikagoma kufunguka mpaka alipokatisha, saa sita. Mama alikuwa kwenye foleni, presha juu. Sasa ana nafuu.

Kwenye mkutano wa mchana bosi akanibambikia kosa mimi!

Jioni nikamalizia kuhamisha, nikaiweka safu yangu mahali pa ile ya zamani kwa sekunde nne. Hakuna aliyeshtuka.

Hii ni barua yangu ya pili leo. Ya kwanza, ya kuacha kazi, iko mezani kwa bosi.

Mdogo wako